Abu Ubaida bin Al-Jarrah (R.A.), Mtu Aliyeijua Kadiri Yake

Kila chama kinapoundwa miongoni mwetu, kiwe cha madrasa, cha kuzikana, au cha kuwasomesha mayatima, suali la kwanza linaloulizwa ni nani atakayekaa katika kiti. Na mara nyingi suali hilo ndilo huwa la mwisho pia, kwani chama hufa papo hapo kabla hakijaifanya ile kazi iliyowakusanya watu. Aliyekosa uenyekiti hujitoa pamoja na jamaa zake. Aliyeupata hajui la kufanya nao. Hodari wa hesabu amewekwa kuhutubia, na mwenye ulimi mtamu amekabidhiwa sanduku la fedha. Tumeyaona haya kwa macho yetu, wala sisi wenyewe katika darasa letu hatukusalimika nayo.

Kwa hivyo tumeona vema safari hii tuwaletee ndugu zetu wasomaji maisha ya swahaba mmoja ambaye jina lake halikosi kujulikana na kila Muislamu, walakin habari zake husomwa kwa haraka, kwa kuwa alisimama karibu sana na watu watatu wanne ambao umashuhuri wao huyavuta macho kwanza: Sayyidna Abubakar, Sayyidna Umar, na Khalid bin Al-Walid. Naye hakuwa mdogo kuliko kazi yoyote aliyopewa. Lakini alikuwa na ilimu moja ambayo ni adimu kwa wakubwa na wadogo, nayo ni ilimu ya kuijua nafsi yake: yapi anayaweza, yapi mwenzake anayaweza kuliko yeye.

Jina lake khasa ni Amir bin Abdullah bin Al-Jarrah, lakini watu walimwita kwa kuniya yake, Abu Ubaida, wakamnasibisha na babu yake. Alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Bani Al-Harith bin Fihr, ukoo ambao haukuwa na nguvu katika mji wa Makka kama walivyokuwa Bani Makhzum au Bani Umayya. Alisilimu mapema sana, kwa mkono wa Sayyidna Abubakar, hali umri wake haujafika miaka 30. Alihama kwenda Uhabeshi, kisha akahamia Madina, na ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Wapokezi wamemsifu kuwa alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye uso mkavu na ndevu chache, ameinama kidogo mabega, na mwenye pengo la meno mawili ya mbele.

Pengo hilo lina kisa chake, nasi tutaanzia hapo. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijriya (625), Bwana Mtume (S.A.W.) alijeruhiwa usoni, na vikuku viwili vya chuma vya kofia yake ya vita vikazama katika shavu lake. Sayyidna Abubakar alikimbilia kuvitoa. Abu Ubaida, ambaye maisha yake yote hakujulikana kwa kugombea jambo, hapo alimsihi kwa Mwenyezi Mungu amwachie yeye. Hakuvishika kwa vidole, kwani vidole hutikisa na kuumiza. Aliuma kikuku kimoja kwa meno yake akakivuta pole pole mpaka kikatoka, na jino lake likatoka pamoja nacho. Abubakar alitaka kukitoa cha pili, naye akamsihi tena, akafanya vile vile, na jino la pili likatoka. Twaomba msomaji asipite haraka hapa. Watu husema kwamba mtu mpole ni yule asiyetaka kitu. Sivyo. Abu Ubaida aliitaka kazi hii, na akaitaka mbele ya mtu aliyemzidi daraja, kwa sababu aliona kwamba ilihitaji subira na wepesi wa kugusa, na hayo alikuwa nayo.

Mwaka wa 8 Hijriya (629) yalimfikia majaribio mawili katika muda mfupi. La kwanza ni la Dhatus-Salasil. Bwana Mtume alimtuma Amru bin Al-Aas na watu 300 kwenda upande wa kaskazini katika nchi za makabila ya Qudhaa. Amru alikuwa mgeni kabisa katika Uislamu; alikuwa amesilimu mwaka huo huo. Alipokaribia na kuona kwamba adui ni wengi, alipeleka kutaka msaada, na Bwana Mtume akampelekea watu 200, miongoni mwao Abubakar na Umar wenyewe, na juu yao akamweka Abu Ubaida, na akamuusia kwamba watakapokutana wasikhitalifiane.

Walipofika, na wakati wa Sala ukaingia, Abu Ubaida akataka kusalisha. Amru akamkataza, akasema kwamba yeye ndiye amiri, na hawa wamekuja kuwa msaada wake. Wale Muhajirina wakachukiwa, wakasema kila mmoja na awe amiri wa watu wake. Na kwa hakika, lau shauri lingekuwa ni la cheo cha mtu, hoja ilikuwa upande wa Abu Ubaida: yeye alitangulia kwa miaka karibu ishirini, na mwenziwe alitangulia kwa miezi tu. Lakini jeshi lenye maamiri wawili ni majeshi mawili, na yote mawili madogo. Abu Ubaida akaukumbuka wasia aliopewa, akamwambia Amru kwamba hata kama yeye atamuasi, yeye Abu Ubaida atamtii. Na Sala zote za safari ile zikasalishwa na Amru.

Kisa hiki husomwa katika darasa nyingi kuwa ni mfano wa unyenyekevu, na ni kweli. Lakini kina sehemu ya pili ambayo haitajwi sana. Baridi ilikuwa kali, na Amru akakataza watu wasiwashe moto usiku. Sayyidna Umar akaghadhibika, akataka kumwendea. Sayyidna Abubakar akamzuia, akamkumbusha kwamba Mtume hakumweka mtu huyu juu yao illa kwa kuwa anavijua vita. Waliporejea Madina, Amru alieleza kwamba alichelea adui wasije wakaona kwa mwangaza wa moto uchache wao. Na Bwana Mtume akakubali udhuru wake. Basi Abu Ubaida hakumwachia kazi mtu asiyeiweza kwa ajili ya kutafuta amani tu. Alimwachia mtu aliyeiweza. Na sisi tunaona kwamba hizo ni tabia mbili mbalimbali, na kwamba ile ya kwanza imeharibu mambo mengi katika vyama vyetu kuliko hata ugomvi.

Jaribio la pili lilikuja mwezi uliofuata. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa amiri, juu ya watu 300, wakapelekwa pwani ya bahari ya Shamu kuuvizia msafara wa Makureshi. Chakula kikapungua. Abu Ubaida akaamrisha kila mwenye akiba yake ailete. Akaikusanya pamoja, akawa anagawa kidogo kidogo, mpaka ikawa kila mtu anapata tende moja kwa siku. Walikuwa wakiinyonya kama mtoto anavyonyonya, kisha wakinywa maji juu yake. Tende zilipokwisha, wakawa wakipiga miti kwa fimbo, majani yakianguka wanayarowesha na kuyala. Na kwa ajili hiyo jeshi lile likaitwa Jeshi la Majani.

Katika jeshi lile alikuwamo Qais bin Saad bin Ubada, mtoto wa mkuu wa Ansari, mtu aliyekuwa karimu kwa urithi. Alipoona njaa ya wenziwe akachinja ngamia watatu. Kisha watatu wengine. Kisha watatu wengine. Abu Ubaida akamkataza asiendelee. Hebu tuutafakari mkatazo huu. Ni rahisi kumkataza bakhili. Kumkataza karimu mbele ya watu wenye njaa wanaomshangilia si kazi nyepesi, na mtu mpole ndiye wa kwanza kushindwa nayo. Lakini ngamia ndio waliokuwa miguu ya jeshi lile, na safari ya kurudi ilikuwa bado. Anayetaka kujua kama ulaini wa Abu Ubaida ulikuwa ni udhaifu wa moyo, na aje asome hapa.

Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno, nyangumi wa aina ile itoayo ambari. Sisi watu wa pwani tunamjua nyangumi, lakini kwa Waarabu wa bara alikuwa ni ajabu. Abu Ubaida kwanza alisita, akaona ni mfu. Kisha akarejea katika rai yake, akasema kwamba wao wametumwa na Mtume katika njia ya Mungu na wamefikwa na dharura, basi na wale. Walikula muda wa kiasi cha nusu mwezi mpaka miili yao ikanawiri. Akaketisha watu 13 katika tundu la jicho la samaki yule, na akausimamisha ubavu wake mmoja, akapita chini yake ngamia mrefu na aliyempanda. Waliporudi Madina, Bwana Mtume akawaambia kwamba ile ilikuwa riziki aliyowatolea Mwenyezi Mungu, na yeye mwenyewe akala katika mabaki yake.

Kwa tabia kama hizi ndipo akapata lile jina lake. Ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina, walitaka wapelekewe mtu muaminifu. Bwana Mtume akaahidi kuwapelekea muaminifu wa kweli, na Maswahaba wakawa kila mmoja anatazamia. Imepokewa kwamba Umar alikuwa hajapata kuupenda uamiri kama alivyoupenda siku ile. Bwana Mtume akamsimamisha Abu Ubaida, na akamwita muaminifu wa umma huu. Alimtuma pia Bahrain kuleta mali ya jizya. Habari za kurudi kwake zilipoenea, Ansari walikuja kwa wingi kusali Sala ya Alfajiri pamoja na Mtume, naye akatabasamu kwa kuwa alijua kilichowaleta.

Mtume alipofariki, mwaka wa 11 Hijriya (632), Ansari wakakusanyika katika ukumbi wa Bani Saida kumchagua mtu wao. Abubakar, Umar na Abu Ubaida wakawaendea. Katika maneno yake, Abubakar aliwashika mkono Umar na Abu Ubaida, akawataka watu wamchague mmoja wao. Huo ulikuwa ni uongozi wa umma mzima, nao uliwekwa mbele yake akiwa amesimama. Wala yeye wala Umar hawakuukubali hali Abubakar yuko hai, na Umar akanyosha mkono akambai Abubakar, na watu wakafuata.

Walakin hakurudi nyumbani kwake akakaa. Sayyidna Abubakar aliposhika kazi, Abu Ubaida alijitolea kumtosheleza katika mambo ya mali, na Umar akajitolea kumtosheleza katika hukumu. Tazama namna walivyogawana: muaminifu amechukua Beitul-Mali, na mkali wa haki amechukua ukadhi. Kuna watu kwetu ambao, wakitakiwa kushika kazi yoyote, husema kwamba wao si watu wa kazi hizo, na wakaondoka wamefurahi kwa kuonekana wanyenyekevu. Unyenyekevu wa namna hiyo wakati mwingine si kitu ila uvivu uliovaa kanzu nyeupe. Abu Ubaida alikataa lililo kubwa akaomba lililo lake.

Sasa tunafika Sham. Mwanzo wa mwaka wa 13 Hijriya (634), Sayyidna Abubakar alipeleka majeshi manne: Yazid bin Abi Sufyan, Shurahbil bin Hasana, Amru bin Al-Aas, na Abu Ubaida, kila mmoja na upande wake. Warumi walipojikusanya kwa wingi, Khalifa akamwandikia Khalid bin Al-Walid, aliyekuwa Iraq, avuke jangwa aende Sham na ashike uongozi. Khalid alikuwa amesilimu mwaka wa 8. Abu Ubaida alikuwa na miaka karibu ishirini zaidi katika Uislamu. Akamtii kama alivyomtii Amru.

Haukupita muda Sayyidna Abubakar akafariki, katika mwezi wa Jamadil Akhir mwaka ule ule wa 13 (Agosti 634), na Sayyidna Umar akashika ukhalifa. Miongoni mwa mambo yake ya mwanzo ni kumuuzulu Khalid na kumweka Abu Ubaida juu ya majeshi ya Sham. Barua ikamfikia Abu Ubaida hali Khalid yumo katikati ya kupigana. Wapokezi wametofautiana kama ilikuwa ni katika kuuzingira mji wa Damascus au ni kabla yake, lakini imepokewa lile lililo muhimu: Abu Ubaida aliificha barua. Mtu amepewa ukubwa, waraka wake uko katika mkono wake, na yeye akaendelea kusali nyuma ya yule aliyeuzuliwa na kupokea amri zake, mpaka shughuli ilipokwisha.

Khalid alipopata habari alimjia, akamuuliza kwa nini hakumwambia. Jawabu ya Abu Ubaida ilikuwa kwamba hakupenda kumvunjia vita vyake, na kwamba si utawala wa dunia alioutaka. Khalid naye akasimama akawatangazia watu kwamba wamewekewa muaminifu wa umma huu. Na Abu Ubaida akasimama akawaambia kwamba amemsikia Mtume akimwita Khalid upanga katika panga za Mwenyezi Mungu. Kila mmoja alimtaja mwenziwe kwa sifa ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo kwa kadiri ile. Hili halipatikani kwa tabia njema peke yake. Linataka pia macho ya kuona.

Na kutoka siku ile kazi ikaenda kwa watu wawili. Abu Ubaida ndiye amiri: ndiye wa kufanya suluhu, wa kugawa mali, wa kuandikiana na Madina, wa kuwatuliza majemadari wenzake wasigombane. Khalid ndiye wa kuongoza wapanda farasi na wa kupanga mapigano. Abu Ubaida hakujidanganya kwamba kwa kuwa amepewa cheo cha Khalid amepewa na akili ya Khalid ya vita. Mji wa Damascus ulipofunguliwa, mwaka wa 14 (635), uliingiliwa upande mmoja kwa upanga na upande wa pili kwa suluhu. Ikaamuliwa mji wote uhisabiwe kuwa umefunguliwa kwa suluhu, na watu wakasalimika.

Mwaka uliofuata Warumi walikusanya jeshi kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na Waislamu wakaona ni lazima wauache mji wa Hims warudi nyuma wajikusanye. Wenyeji wa mji walikuwa wamekwisha lipa kodi. Abu Ubaida akaamrisha warudishiwe fedha zao, kwa sababu fedha zile zilichukuliwa kwa sharti ya kuwahami, na sasa kuwahami hakuwezekani. Jeshi linalokimbia ndilo linalohitaji fedha kuliko lolote, na mtu mwingine angelipata udhuru elfu wa kuzichukua. Kisha wakakutana na Warumi katika bonde la Yarmuk, katika mwezi wa Rajab mwaka wa 15 (Agosti 636). Abu Ubaida alikuwa amiri mkuu, na mapambano alimwachia Khalid ayaendeshe. Nguvu ya Warumi katika Sham ilivunjika pale. Watu wengi wanaposimulia Yarmuk humtaja Khalid, nao hawakosei. Lakini hawamuulizi aliyempa Khalid nafasi.

Mpaka hapa msomaji huenda akadhani kwamba tunaandika habari za mtu asiyekuwa na upungufu. Tungekuwa tumemdhulumu, kwa sababu mtu asiyekuwa na upungufu hawezi kuwa mfano kwa yeyote. Upungufu wa Abu Ubaida ulitoka katika chemchemi ile ile iliyotoa wema wake.

Katika mwaka wa 17 (638), Khalid alikuwa akitawala Qinnasrin chini ya Abu Ubaida, na ikamfikia Sayyidna Umar habari kwamba Khalid amempa Al-Ashaath bin Qais dirhamu 10,000. Akamwandikia Abu Ubaida amsimamishe Khalid mbele ya watu, avuliwe kofia na afungwe kwa kilemba chake mwenyewe, na aulizwe: ikiwa mali hii imetoka katika ngawira, basi ni khiyana, na ikiwa imetoka katika mali yake, basi ni israfu, na kwa vyovyote viwili auzuliwe. Watu wakakusanyika, Abu Ubaida akapanda mimbari. Mjumbe wa Khalifa akauliza, na Khalid akanyamaza. Abu Ubaida naye akanyamaza. Aliyekuwa amri iko mikononi mwake aliketi juu ya mimbari hali hawezi kufungua mdomo, mpaka Bilal akasimama akamvua Khalid kofia, akamfunga kwa kilemba chake, akamuuliza. Na Khalid akajibu kwamba ni mali yake mwenyewe. Kisha Bilal akamrudishia kofia na kumvika kilemba kwa mkono wake.

Wala haikuishia hapo. Khalid alitoka pale hajui kama ameuzuliwa au la, kwani Abu Ubaida hakumwambia. Siku zikapita mpaka Umar, alipoona Khalid hafiki, akafahamu lililotokea, akamwandikia Khalid mwenyewe. Khalid akamlaumu Abu Ubaida kwa kumficha, na Abu Ubaida akasema kwamba hakutaka kumtia huzuni. Twaona hapa ajabu kubwa. Kule mwanzo aliificha barua, na kuificha kwake kukaliokoa jeshi. Hapa akaficha tena kwa moyo ule ule, na kuficha kwake kukamwacha ndugu yake katika tashwishi na kumfanya asikie kwa mbali habari alizostahiki kuambiwa kwa karibu. Tabia ilikuwa moja. Pahali ndipo palipobadilika. Na hatudhani kwamba kazi ile ingelifanyika siku ile lau hakuwapo Bilal wa kusimama, na Umar wa kuandika. Umar baadaye aliwaandikia watu wa miji kwamba hakumuuzulu Khalid kwa ghadhabu wala kwa khiyana, bali kwa kuwa watu walifitinika naye wakadhani ushindi unatoka kwake.

Sayyidna Umar alimjua Abu Ubaida kwa pande zake zote mbili, na juu ya hayo hakumpenda mtu kama alivyompenda yeye. Alipokwenda Sham alitaka aingie nyumbani kwake, na hakuona humo kitu ila upanga, ngao na tandiko la ngamia. Safari nyingine alimpelekea dinari 400, akamwambia mtumwa wake angoje aone atazifanyia nini. Abu Ubaida akamwita kijakazi wake akazigawa zote kwa watu mpaka zikesha. Katika mwaka wa njaa kubwa ya Hijazi, mwaka wa 18 (639), alifika Madina na ngamia 4,000 waliosheheni chakula, akakigawa yeye mwenyewe pembezoni mwa mji, na ilikuwa tabu kumfanya akubali ujira. Na siku moja Umar alipowaambia wenziwe kila mmoja atamani analolipenda, wakatamani dhahabu na lulu za kutoa sadaka, yeye alitamani nyumba iliyojaa watu mfano wa Abu Ubaida.

Mwaka ule ule wa 18 ikaingia tauni katika Sham, ile iitwayo tauni ya Amwas. Umar alikuwa njiani kuja. Alipofika Sargh akakutana na majemadari wakampa habari, akashauriana na watu kundi baada ya kundi, akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akatamani lau maneno yale yangesemwa na mtu mwingine. Akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mbele ya bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume, kwamba msiiingie nchi yenye tauni, wala msitoke kuikimbia mkiwa ndani yake. Umar akarudi Madina, na Abu Ubaida akarudi kwa jeshi lake.

Lakini Umar hakutulia. Akamwandikia Abu Ubaida kwamba ana haja naye kubwa, na kwamba barua ikimfikia asiiweke chini mpaka awe amepanda mnyama kuja kwake. Abu Ubaida alipoisoma akaijua haja ya Khalifa: alitaka kumtoa katika mauti. Akaandika kutaka udhuru, kwamba yeye yumo katika jeshi la Waislamu na hawezi kuipendelea nafsi yake kuliko wao. Umar alipoisoma jawabu akalia, hata waliokuwapo wakauliza kama Abu Ubaida amekufa.

Akamwandikia tena awaondoe watu katika ardhi ya chini yenye unyevu awapeleke pahali pa juu penye hewa njema. Amri hii Abu Ubaida aliikubali mara moja, kwani ilikuwa ya wote. Alikuwa anatia mguu katika kipandio cha mnyama wake pale ugonjwa ulipomshika. Alifariki akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa katika bonde la mto Jordan, na Muadh bin Jabal akamsalia na kushika pahala pake. Muadh naye akafa kwa tauni ile ile, baada ya kumzika mwanawe. Wanahistoria wametaja kwamba waliokufa katika Sham walikuwa kiasi cha watu 25,000.

Uongozi ukamwangukia Amru bin Al-Aas, yule yule wa Dhatus-Salasil. Akasimama akawaambia watu kwamba ugonjwa huu huwaka kama moto, basi na watawanyike majabalini. Baadhi ya Maswahaba wakamkemea kwa maneno makali. Hakuwarudishia, wala hakuiacha rai yake. Akatoka, na watu wakatoka naye, wakatawanyika katika milima, na Mwenyezi Mungu akawaondolea tauni. Sayyidna Umar alipopata habari hakulichukia alilolifanya.